Asali, Kikohozi na Maneno Ambayo Mtume (S.A.W.) Hakuyasema

 

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, nilitoka msikitini mjini nikamkuta kijana amepanga bidhaa zake juu ya turubai kama ilivyo ada: miski, miswaki, kofia, chupa za mafuta ya habasoda, na vijitabu. Nikanunua kimoja kinachozungumzia asali. Nilikisoma ndani ya gari nikirudi Kalenga, na kabla ya kuteremka nilikuwa nimekwisha kukimaliza. Wengi huijua Kalenga kwa ngome ya Mkwawa iliyobomolewa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, na kwa fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 na kuwekwa katika makumbusho yaliyopo hapa. Sisi wakazi tunaijua pia kwa baridi yake na vikohozi vyake. Kwa hiyo mlango niliouendea mbio katika kijitabu kile ulikuwa mlango wa kikohozi.

Sitakitaja jina lake, wala la mwandishi wake. Kwanza, vijitabu vya aina hii ni vingi na vinanakiliana. Ukimtaja mmoja utakuwa umewadhulumu wawili, yeye aliyetajwa na msomaji atakayedhani wengine wamesalimika. Pili, kosa lililomo humo nimewahi kulitenda mimi mwenyewe juu ya mimbari, tena kwa sauti kubwa kuliko ya kijitabu. Nitalieleza mahali pake.

Kijitabu kina mazuri yake, na uadilifu unataka tuanze na hayo. Kimeandikwa kwa adabu. Kinamtaja Mtume (S.A.W.) na kumswalia kila mara. Kinamrudisha Muislamu kwenye neema iliyotajwa ndani ya Qur'an, na si jambo dogo hilo katika zama ambazo mtu akikohoa mara mbili hukimbilia kununua vidonge vya antibiotiki bila ya kupimwa, akala vitatu na vilivyobaki akaviweka kabatini. Lakini katika mlango wa kikohozi mwandishi anasema mambo matatu. Anasema kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa asali inaponya kikohozi cha kila aina. Anasema kwamba mgonjwa atumie vijiko viwili vya asali pamoja na habasoda asubuhi na jioni kwa siku 40, na asipopona aanze tena siku 40 nyingine. Na anasema kwamba kuchanganya tiba hii na dawa za hospitali ni upungufu wa yakini na kunaondoa baraka.

Ndugu msomaji, la kwanza ni kumsingizia Mtume (S.A.W.) jambo ambalo halikupokewa kwake. La pili na la tatu yamejengwa juu ya la kwanza, na yanaua.

Tuanze na Qur'an. Katika Suratun-Nahl, aya ya 69, Allah (S.W.) anatueleza habari ya nyuki na kinywaji cha rangi mbalimbali kinachotoka matumboni mwao, ambamo mna shifaa kwa watu. Wafasiri walijadili kiwakilishi kilichomo: je, shifaa hiyo iko ndani ya asali au ndani ya Qur'an? Ibn Jarir at-Tabari (aliyefariki 310 H./923) ameipokea kauli ya Mujahid kuwa ni Qur'an, kisha akaipa nguvu kauli ya Qatada kuwa ni asali, kwa sababu mazungumzo ya aya ni juu ya asali. Na hiyo ndiyo kauli ya walio wengi.

Sasa tazama neno lenyewe. Halikuja kwa "al" ya kuainisha. Limekuja "shifaa'un", yaani nakira. Ibn Kathir (aliyefariki 774 H./1373) amenukuu kutoka kwa baadhi ya waliozungumzia tiba ya Mtume kwamba lau ingesemwa "ash-shifaa" ingekuwa asali ni dawa ya kila ugonjwa, lakini kwa kuja nakira, maana yake ni kuwa inamfaa mtu katika maradhi ya baridi, kwa kuwa asali ina joto na kitu hutibiwa kwa kinyume chake. Hesabu hii ya joto na baridi ni ya matabibu wa zama zao, nasi hatulazimiki nayo. Kanuni ya lugha, hata hivyo, imesimama. Wanafunzi wetu wa Usuul wanaijua: nakira katika kukanusha huleta ujumla, na katika kuthibitisha hailazimishi ujumla. Kwa Kiswahili chetu, mtu akikuambia "katika duka hili mna dawa", hukuelewa kwamba mna dawa zote. Akikuambia "hamna dawa", umeelewa kwamba hakuna hata moja.

Mwanafunzi hodari atanipinga hapa, na nimeshapingwa darasani. Atasema: aya hii ni ya kukumbusha neema, na wako wanausuuli waliosema kwamba nakira katika kutaja neema inaenea. Nasema, ni kweli wapo. Lakini hao hao wanakubali kwamba tamko la jumla hukhusishwa na hisi, yaani na kile ambacho macho yanakiona na mikono inakigusa. Nasi tumewaona watu wakinywa asali na maradhi yao yakabaki pale pale. Hatuwezi kusema kwamba aya imesema uongo, wala kwamba macho yetu yamesema uongo. Kilichobaki ni kusema kwamba sisi ndio tulioibebesha aya mzigo usio wake. Najua pia kwamba al-Qurtubi (aliyefariki 671 H./1273) ametaja habari ya Ibn Umar (R.A.) kuwa alikuwa akitumia asali kwa kila kitu, hata jipu akilipaka. Hiyo ni imani ya Swahaba mtukufu na ada yake. Hakusema Ibn Umar kwamba mwenye jipu asipasuliwe.

Ama Hadith, nimezipitia kadiri ya uwezo wangu. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya Abu Said al-Khudri (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyekuja kumlalamikia Mtume (S.A.W.) kuhusu ndugu yake anayeharisha. Akaamriwa amnyweshe asali, akarudi zaidi ya mara moja akisema kwamba haikumzidishia ila kuhara, naye akiamriwa vile vile, mpaka akaambiwa kwamba Allah amesema kweli na tumbo la nduguye ndilo lililoongopa; akamnywesha tena, akapona. Hiyo ni Hadith ya tumbo. Ya pili ni ya Ibn Abbas (R.A.), katika Bukhari, inayotaja shifaa katika mambo matatu: kunywa asali, chale za kuumika, na kuchoma kwa moto, pamoja na katazo la huo moto. Hiyo haikutaja ugonjwa wowote kwa jina.

Zipo nyingine katika Ibn Majah. Moja inasema kwamba anayelamba asali asubuhi tatu za kila mwezi hapatwi na balaa kubwa, wahakiki wameidhoofisha, na katika kasoro zake ni kwamba haijulikani kuwa mpokezi wake alimsikia Abu Hurayra (R.A.). Nyingine inahimiza kushikamana na shifaa mbili, asali na Qur'an, hiyo iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni maneno ya Ibn Masud (R.A.) mwenyewe, wala haikufika kwa Mtume (S.A.W.). Kijitabu chetu kimezitaja zote mbili bila ya kutaja daraja zake. Na hata tukizikubali zote, neno kikohozi, kwa Kiarabu "suaal", halimo ndani yake.

Basi mwandishi amelitoa wapi? Hapa ndipo nilipokaa jioni nzima na Zad al-Ma'ad ya Ibn al-Qayyim (691–751 H./1292–1350). Kitabu maarufu kiitwacho at-Tibb an-Nabawi, kinachouzwa peke yake katika masoko yote, asili yake ni sehemu ya kitabu hicho. Katika mlango wa kutibu tumbo la kuhara, Ibn al-Qayyim anaileta Hadith ya Abu Said, kisha anaanza kueleza manufaa ya asali: inasafisha mishipa na matumbo, inawafaa wazee na wenye balghamu, inasafisha ini na kifua, na inafaa kikohozi kitokanacho na balghamu. Neno tunalolitafuta ni hilo, na liko mistari michache tu baada ya Hadith.

Lakini anayesema hapo ni nani? Ni Ibn al-Qayyim, akinukuu elimu ya matabibu wa wakati wake. Hakutanguliza sanad, wala hakusema kwamba Mtume (S.A.W.) amesema. Alikuwa mwanachuoni wa Hadith, anajua mpaka baina ya maneno ya Mtume na maneno yake mwenyewe, na wasomaji wake wa Damascus walijua pia. Mpaka huo ukapotea, nadhani, kadiri maneno yalivyopita mikono na lugha, kila mfasiri akifupisha kidogo, hadi yakatufikia yamevikwa kilemba kisicho chao. Mtu aliyesoma Kiarabu kidogo tu angeliona jambo hili kwa kufungua ukurasa. Tatizo ni kwamba wengi wanaoandika juu ya tiba ya Mtume hawaufungui.

Na tazama kilichoangushwa njiani. Ibn al-Qayyim hakusema kikohozi. Amesema kikohozi kitokanacho na balghamu. Ameweka sharti. Tena baada ya kusifu akataja kwamba asali inaweza kuwadhuru wenye safra, na akataja cha kuizuia dhara hiyo, nacho ni siki na mfano wake. Zaidi ya hayo, katika kuisherehesha ile Hadith ya tumbo ameeleza kwamba asali ilikaririwa kwa sababu dawa lazima iwe na kipimo kinacholingana na ugonjwa, ikipungua haiuondoi na ikizidi inadhuru nguvu za mwili. Huyu ndiye Ibn al-Qayyim ambaye vijitabu vinamtaja kama shahidi wa kwamba asali ni dawa ya kila kitu bila ya kipimo wala sharti!

Kuna ikhtilafu ya zamani ambayo sitaki kuikimbia. Ibn al-Qayyim aliona kwamba tiba ya Mtume (S.A.W.) ni ya yakini, inatokana na wahyi, na tiba ya matabibu ni ya dhana. Ibn Khaldun (aliyefariki 808 H./1406), katika Muqaddima, akaona kinyume: kwamba tiba iliyopokewa ni ada za Waarabu, kwani Mtume alitumwa kutufundisha sheria, na akatoa hoja kwa kisa cha kupandikiza mitende, ila akakubali kuwa anayeitumia kwa kutabaruku na kwa imani ya kweli atapata athari kubwa ya manufaa. Moyo wangu unaelemea kati yao: yaliyothibiti kwa sanad sahihi siyadharau, na siyatoi mahali yaliposemewa. Lakini kwa suala letu ikhtilafu hii haina kazi. Hata ukimfuata Ibn al-Qayyim moja kwa moja, wahyi ni kwa yale aliyoyasema Mtume (S.A.W.). Kikohozi hakimo.

Sasa nieleze habari yangu. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mzee katika msikiti wetu, wa safu ya kwanza, asiyekosa Alfajiri. Alianza kukohoa msimu wa baridi. Baada ya swala moja nikamwambia, "Kamwene, mzee wangu, kifua hicho kitafutie asali ya nyuki wadogo, ndiyo dawa ya Mtume." Akaitikia, "Kamwene, Sheikh, nitafanya hivyo." Ijumaa iliyofuata nikalisema lile lile katika khutba, nikapamba kwa Hadith ya Abu Said. Watu wakatoka wamefurahi.

Mzee alikunywa asali miezi mitano. Asali ya nyuki wadogo ni ghali, bei yake ni kubwa kuliko ile ya nyuki wauma, na yeye si mtu wa mali, aliuza mbuzi. Akawa anakonda, usiku anatoka jasho, nasi tukisema ni uzee. Mwisho binti yake alikuja kutoka mjini akamchukua kwa nguvu kwenda kupimwa makohozi. Ikaonekana ni kifua kikuu. Wakapimwa na waliokuwa nyumbani, na mjukuu wake mdogo aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akaonekana kuwa nao. Wote wawili walitumia dawa kwa ukamilifu na, alhamdulillah, wakapona. Lakini yule mtoto aliupata ugonjwa ule katika miezi ambayo babu yake alikuwa akitekeleza fatwa yangu.

Tangu hapo Hadith moja imekuwa ikinisumbua. Ameipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwa njia ya Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake, kwamba mwenye kujifanya tabibu na hali hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini, yaani analipa alichoharibu. Na ajabu ni kwamba Hadith hiyo imo ndani ya kitabu kile kile cha Ibn al-Qayyim, ameifungulia mlango na kugawanya hukumu za matabibu. Amesema kwamba mgonjwa akijua kwamba anayemtibu ni jahili na akakubali, hakuna dhamana. Lakini akidhani kuwa ni mjuzi na akamruhusu kwa dhana hiyo, jahili yule atadhamini. Sikuona kijitabu hata kimoja cha asali kilichofasiri mlango huo.

Nilijaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu. Nikasema: mimi sikumnywesha, amekunywa mwenyewe, na kanuni ya fiqhi ni kwamba akikutana mtendaji na msababishaji, hukumu huegemezwa kwa mtendaji. Mbele ya kadhi huenda utetezi huo ukanifaa. Lakini mzee yule alinywa kwa sababu gani? Kwa sababu ya kanzu yangu na mimbari niliyosimama juu yake. Yeye hakudhani kwamba mimi ni tabibu, alidhani jambo kubwa zaidi, kwamba ninayemnukulia ni Mtume (S.A.W.), nami nilikuwa ninamnukulia maneno ya matabibu, tena nusu nusu. Yakutosha aonayo mtu katika makemeo ya kumsingizia Mtume uongo kwa makusudi. Mimi sikukusudia. Ila sikuangalia, na kwa mtu niliyekaa na vitabu miaka yote hii, kutoangalia si udhuru mkubwa.

Baada ya hayo nilitaka kujua: je, asali inafaa kikohozi au haifai? Maana kulikanusha kwa hasira ni kosa kama kulithibitisha kwa shauku. Nikawauliza wenye fani na nikasoma waliyoyaandika. Jibu lao lingemfurahisha Ibn al-Qayyim. Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi na mafua kwa watoto wadogo, limeitaja asali kuwa ni kitulizo cha koo. Mwaka 2012 walichapisha watafiti majaribio ya watoto 300 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, wenye mafua na kikohozi cha usiku; wengine walipewa asali za maua mbalimbali, na wengine asali ya tende kwa kuwa inafanana nayo rangi na utamu; wa asali ya nyuki walilala vizuri zaidi. Jirani zetu wa Nairobi nao walichapisha mwaka 2014 utafiti wao, wakalinganisha asali na salbutamol na kinywaji kisicho na dawa kwa watoto wenye mafua, na asali ikatuliza kikohozi vizuri zaidi. Na mwaka 2018 wakusanyaji wa tafiti wa Cochrane walizipima tafiti 6 zenye watoto 899, wakasema kwamba huenda asali ikapunguza kikohozi zaidi kuliko kutotoa dawa yoyote.

Lakini soma walichopimia. Walipimia kikohozi cha siku chache, kile kinachokuja na mafua na ambacho aghlabu kingeondoka chenyewe. Asali inatuliza koo, inalegeza makohozi, mtoto analala na mama yake analala. Hilo ni jambo la kushukuru, wala si haba. Hakuna katika wao aliyesema kwamba asali inaua kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitambua mwaka 1882, wala kwamba inatibu homa ya mapafu au pumu. Kwa maneno mengine, matabibu wa leo wamefika pale pale aliposimama Ibn al-Qayyim: asali inafaa, kwa kikohozi cha namna fulani.

Na katika nchi yetu sharti hilo ni uhai na mauti. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu katika orodha yake ya mwaka 2021 hadi 2025. Mwongozo wa wataalamu wetu ni kwamba anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapimwe. Wiki mbili, ndugu msomaji, na kijitabu kinamwambia asubiri siku 40 kisha 40 nyingine. Katika siku 80 hizo mtu huyo ataswali bega kwa bega na wenziwe mara 400, madirisha ya msikiti yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, na watoto wa madrasa wakikaa chini yake wakimsikiliza. Mtume (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima, na Hadith hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na dawa za ugonjwa huo wa kawaida ni za miezi sita. Mzee wangu aliuza mbuzi ili anunue kisichomponya, na kinachomponya kilikuwa kinatolewa bila ya malipo.

Ama dai la tatu, kwamba dawa ya hospitali inaondoa baraka ya asali, sijui limetoka wapi, na silijui kwa mwanachuoni yeyote wa zamani. Katika Sahih Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), imekuja kwamba kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiusibu ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah. Neno ni kusibu, kama mshale unavyosibu shabaha. Kila ugonjwa umepewa dawa yake. Anayedai kuwa dawa moja inasibu kila ugonjwa ameipa Hadith hii mgongo, na huku akijiona kuwa anaihuisha Sunna.

Jambo jingine limenishtua zaidi, kwa kuwa limo katika vitabu vyetu vya fiqhi. Katika tahnik ya mtoto mchanga Sunna iliyopokewa ni tende. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 H./1449) ameeleza katika Fat'h al-Bari kwamba ikikosekana tende kavu basi tende mbichi, na zikikosekana basi kitu kitamu, na asali ya nyuki ni bora kuliko vingine. Kwa kauli hiyo masheikh wengi huku bara, ambako tende hazipatikani ila karibu na Ramadhani, tumewalambisha watoto asali siku ya saba, na kijitabu kinashauri waendelee kulambishwa wakikohoa. Matabibu leo wanakataza asali kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukishinda, kikatoa sumu inayolegeza viungo hadi pumzi. Ugonjwa huo kwa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976; Ibn Hajar hakuwa na njia ya kuujua. Kauli yake juu ya asali ni ijtihadi, haimo katika Hadith, na lau angeambiwa haya naamini angekuwa wa kwanza kuirejea. Anayetaka Sunna anunue tende, azihifadhi. Tende moja yatosha.

Niliulizwa pia na mkulima mmoja wa hapa kuhusu asali aliyoichanganya na maji kwa ajili ya kikohozi akaiacha siku kadhaa mpaka ikafanya povu. Huku kwetu kila mtu anajua mwisho wa asali na maji ni wanzuki. Abu Musa (R.A.) alipotumwa Yemen aliuliza juu ya kinywaji cha namna hiyo hiyo cha asali, na jibu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba kila kinacholevya ni haramu. Akaimwaga, kwa masikitiko, maana ilikuwa lita tano.

Kijitabu kile nilikirudisha kwa kijana muuzaji. Si kwa ugomvi. Nilimwonyesha ukurasa, nikamsomea Zad al-Ma'ad niliyokwenda nayo, mstari wa Hadith na mstari wa Ibn al-Qayyim, nikamwonyesha kwa kidole mahali maneno ya Mtume yanapokoma. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sheikh, kitabu hiki ndicho kinachotoka kuliko vyote." Nikamuuliza kama atakubali kubandika karatasi kwenye ukurasa ule. Akakubali. Tumeandika kwamba maneno haya ni ya matabibu na si Hadith, kwamba mwenye kukohoa wiki mbili aende akapimwe, na kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Wanafunzi wangu walibandika nakala 60 kwa gundi ya unga.

Mzee wangu bado yu hai, bado ni wa safu ya kwanza, na bado anapenda asali. Mwezi wa Julai humpelekea chupa, naye huiweka katika chai ya tangawizi pamoja na mjukuu wake, ambaye sasa anasoma darasa la nne. Wallahu aalam.